Maua ya Mama Neema

Jumamosi, baada ya chakula

Eti maua! Leo kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya kutengeneza njia ya zahanati, mwenyekiti wa kitongoji kasimama kwenye kipande cha jirani yangu Mama Neema, akasema, "Fanyeni wote kama mama huyu."

Kwake ni tambarare. Kafyeka kidogo, kapanda maua pembeni. Mimi nimepewa mteremko wenye utelezi, nimechonga ngazi mpaka mikono imetoka malengelenge. Kwangu mwenyekiti kapita tu, hata pole hakusema.

Wivu unanichoma, nakiri.

Sasa mvua imeanza. Mtaro niliochimba kulinda ngazi zangu unamwaga maji kwake, palepale kwenye maua. Ningeweza kwenda kuugeuzia kwenye migomba. Jembe lilikuwa hapo nje.

Nimeliingiza ndani, nikafunga mlango.