Yungiyungi Ndani ya Sufuria

Jumanne, Newala. Ukungu ulishuka alfajiri na haukuinuka mpaka saa nne. Mimi nami sijatulia. Naandika ili nijue nimefanya nini leo, maana hata sasa sijui.

Kwa miaka miwili nimelitunza bwawa dogo nyuma ya nyumba. Huku juu udongo ni wa kichanga na maji hayakai, kwa hiyo nilitandika turubai, nikajenga kingo za saruji, nikayaelekeza humo maji ya mvua yatokayo kwenye bati. Nilitaka mimea ya kwetu tu. Jirani aliyeniletea magugu maji, eti yana maua mazuri, nilimrudishia mzigo wake pale pale mlangoni. Nilipanda mafunjo machache, na yungiyungi nililolichimba mwenyewe bondeni, njia ya Masasi, nikalipandikiza kwenye mabeseni yenye udongo wa mfinyanzi. Kerengende walikuja. Vyura nao walikuja, wala sijui walitoka wapi.

Jumamosi alifika dada yangu Esta, kutoka upande wa Chidya. Ndiye aliyenilea mama alipofariki. Ndugu zetu wengine wote wamekwisha kufa, tumebaki wawili.

Leo asubuhi nilikwenda sokoni. Niliporudi nilimkuta dada amesimama ndani ya bwawa, kitenge amekikunja juu ya magoti, mabeseni yote ameyapindua. Majani na maua alikwisha kuwatupia mbuzi.

"Dada! Hayo ni maua!"

"Maua?" Alicheka hata akashika kiuno. "Umekuzwa na haya wewe, leo unayaita maua? Niletee kisu, Mwalimu. Usisimame kama mgeni."

Mke wangu alichungulia kutoka jikoni. "Leo umempata mwalimu mkuu wako, Baba Yohana. Mpe kisu."

Nilimpa.

Alimenya viazi vya yungiyungi, ile mizizi minene iliyokuwa udongoni, huku akisimulia. Mwaka ule wa njaa, mimi nikiwa mtoto mdogo, mahindi yalikauka yote. Yeye, msichana mdogo, aliingia bwawani mpaka kifuani, akivitafuta viazi kwa vidole vya miguu. Mimi, alisema, nilikaa ukingoni nikilinda nguo yake, na nililia mpaka sufuria ilipobandikwa motoni.

"Unakumbuka?"

Nilijifanya kuchochea kuni.

Vilipoiva alinipakulia mimi kwanza. Vyake hakuvigusa, alinitazama usoni. Nilitafuna polepole. Vilikuwa na uchungu kidogo, na ladha iliyokaribia ile ya njugumawe. Nikasubiri. Hakuna kilichonijia akilini: si bwawa, si nguo, si njaa.

"Unakumbuka sasa?"

"Nakumbuka, dada."

Alipiga makofi. "Mama Yohana, si nilikwambia! Nilidhani nimebaki na mambo haya peke yangu." Ndipo akaanza kula. Tangu afike hakuwahi kuzungumza kiasi kile. Alitaja watu, akataja mti uliokuwa karibu na maji, na kila mara mimi niliitikia kwa kichwa.

Nimewaadhibu watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huo.

Alasiri nilikwenda bwawani kuitafuta hasira yangu. Miaka miwili ya kazi imeliwa kwa mlo mmoja, na mwenye kazi hakuulizwa. Maji yalikuwa matope matupu. Kerengende mmoja alizunguka pale yalipokuwa majani, akashuka, akainuka tena bila kutua. Nilisema moyoni kwamba nina haki ya kukasirika. Kisha nikaona aibu kudai haki juu ya mtu aliyeingia majini kwa ajili yangu. Kisha nikakasirika tena. Nilisimama pale muda mrefu, na sikupata upande wa kusimamia.

Dada alikuwa amenitengea viazi vidogo kwenye kitambaa kilicholowa. "Hivi havijakomaa. Virudishe majini, mwakani nitakuja kuvuna." Nimevirudisha. Sijui nimepanda maua au chakula. Mikono ilifanya kazi ile ile.

Lakini si bwawa linaloninyima raha. Kabla ya kwenda kulala, dada alinishika mkono, jambo asilolifanya mara nyingi. Alisema kesho, baada ya chai, tutakaa sisi wawili tu, anisimulie mwaka ule wote tangu mwanzo. Na pale atakaposahau yeye, nimkumbushe mimi.

Nimkumbushe nini?