Mchoro wa mama yake Anyitike

Modesta, nimetoka kwenye tamasha la Tukuyu sasa hivi. Nina hasira sana.

Ule mchoro aliouchora Anyitike, wa marehemu mama yake akichuma chai, mkuu wa shule kaushusha kwenye maonyesho akampa mgeni rasmi. Eti zawadi ya shule. Mtoto hakuulizwa.

Bendi ikiwa inapiga, Anyitike akapanda jukwaani akaushika. "Huyu ni mama yangu. Sijamtoa zawadi."

Muziki ukakatika. Mgeni mwenyewe akauachia, aibu tupu.

Unajua mkuu kasema nini, tena kwenye maiki? "Jumatatu uje na mzazi."

Na mzazi, Modesta. Mtoto ambaye hata baba hana. Na mkuu huyohuyo msibani kwa mama yake alikuja, akala wali wetu.

Anyitike kaondoka na mchoro wake, hajalia. Jumatatu naenda naye mimi.