Herufi Kubwa za Kitabu cha Bibi

Chumba cha Uchapaji,
Nyuma ya Duka la Vioo,
S.L.P. 214.
9 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. U hali gani huko, na kile kikohozi kimekuacha? Sisi wazima. Mama anakutaja kila siku, goti langu limepona, na chumba ulichoniachia bado kinanuka wino.

Najua uliondoka ukiamini nitakifunga kabla ya mwaka kwisha. Huu ni wa saba, Mjomba, na mlango uko wazi.

Habari kubwa ni ya Bibi, mama yako. Daktari wa macho amesema jicho la kulia ndiyo basi, na la kushoto huenda lisivuke mwezi wa nne. Hakulia. Aliniletea lile daftari lake la ushonaji, miaka arobaini ya vipimo na mikato, akataka kitabu cha herufi kubwa akisome mwenyewe. Kusomewa hataki.

Kazi nikaipa ile programu mpya ya kupanga kurasa. Ilikuja imepangiwa karatasi ya kipimo kisichouzwa hapa, pambizo nyembamba na herufi za kutafuta kwa tochi. Nami kwa ujuaji wangu nikafungua faili lake lenyewe la mipangilio, nikafuta na kuandika yangu humohumo: karatasi yetu, pambizo pana, herufi kubwa. Wiki mbili nikajiona bingwa.

Jumatatu nikaisasisha programu. Faili jipya likaja likafuta lile nililolibadili, na kurasa mia na sitini za Bibi zikarudia herufi ndogo. Nakala sikuweka. Majuto ni mjukuu, na safari hii mjukuu nilikuwa mimi.

Fundi wa kompyuta wa jengo la pili, tunayemwita Bwana Kesho, alisema atakuja kesho. Nilikasirika, na niliogopa pia, maana jicho la Bibi halina kesho nyingi.

Bibi alinikuta nimejiinamia, akataka kujua kulikoni. Nikamweleza polepole. Akaniangalia kama mwanafunzi wake aliyeharibu kitambaa cha mteja.

“Umekata kiolezo cha mwanzo,” alisema. “Kile hakiguswi. Unachora chako pembeni, unakata hicho.”

Basi nikafanya hivyo. Faili la programu nikaliacha lilivyo, nikafungua folda yetu pembeni, nikaandika humo faili dogo la mistari sita, yale tu ninayotaka yabadilike. Kisha nikaielekeza programu ianze kusoma kwetu, na isichokikuta ikachukue kwake. Nikaisasisha tena makusudi, Bibi akiwa ubavuni. Herufi hazikutikisika. Bwana Kesho alipotokea siku ya tatu nilimpa chai, akaenda zake.

Kitabu kilitoka Alhamisi. Bibi alikaa kwenye kile kiti chako cha chuma, akafumba jicho bovu, akasoma kwa sauti ukurasa baada ya ukurasa, na mara mbili akanikosoa kwenye mikono ya gauni. Nilifurahi hadi nikalia, sikufichi.

Kisha akafika ukurasa wa mwisho. Hapo pana vipimo vyako, Mjomba, vya lile shati ulilosafiria. Alipitisha kidole kwenye kifua na mabega, kisha akaniagiza nikuandikie maneno yake kama yalivyo:

“Mwambie vipimo hivi ni vya zamani. Aje nimpime mwenyewe, futi ningali naiona.”

Mama na Baba wanakusalimu sana. Nasi tusalimie mkeo, na yule kitinda mimba wenu ambaye bado hatujamwona. Mungu akunyooshee njia, Mjomba, na iwe njia ya huku, kabla mwezi wa nne haujaisha.

Ni mimi mpwa wako akupendaye,
Mwenye Funguo za Chumba Chako