Honi Kabla ya Kona

Vilima vya Umbria, 4 Agosti

Baba mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Masikio siulizi. Sisi watatu tu wazima, tumeungua jua na tumenenepa. Msalimie Shangazi Zaira, mwambie mjukuu wake Bice sasa anakula mbilingani, ila kwa watu wasiomjua tu.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu huisikii na ujumbe wa simu wewe unasema ni mambo ya watu wavivu. Haya, mvivu wako ananunua stempu.

Tangu tutoke Bologna hatujalala kwenye kambi ya watalii hata mara moja. Corrado anasimamisha gari-nyumba kwenye lango la shamba lolote, mimi nashuka na kubisha hodi. Watu wa huku ni watu, Baba. Jana mzee mmoja aliondoa trekta lake kwenye uwanja wa kupuria ngano ili sisi tupate mahali pa sawasawa, kisha akatuletea mkate na paja la nguruwe la chumvi, akasimama pale pale akituangalia tunavyokula. Kila mara anauliza, "Mbona mtoto hali?" Na Bice wakati huo ana mkate mikono yote miwili. Kushuka chini kote ni alizeti, nami nikakaa ngazini nikifikiri kwamba nchi hii nimezaliwa ndani yake na sikuwahi kuiangalia vizuri.

Ile honi ya basi lako uliyotufungia inafanya kazi. Corrado anaona aibu, anasema inalia kama harusi nzima. Bice ndiye mpigaji.

Tutafika kwako mwisho wa mwezi, kwa siku ya kusaga nyanya na kuzitia chupani. Nakuomba nilichokuomba Krismasi na Pasaka. Panda nasi, tuvuke mlima kwa njia ya Forca, tukakae na Mama kidogo pale makaburini Fontemurata. Tangu wakunyime leseni hujamwona. Siku ya Marehemu ya Novemba mwaka jana ilipita umekaa jikoni, Shangazi ameniambia. Corrado ataendesha polepole. Nijibu kwa posta ya Colle, waiweke mpaka tupite.

Ni mimi binti yako,
Loredana

*

Roccaspina, 8 Agosti

Binti yangu Loredana,

Marahaba. Magoti yapo, masikio hayapo, nyanya ni nyingi kuliko chupa. Shangazi yako anawasalimu, na anasema mtoto asilazimishwe mbilingani, atachukia na mchuzi.

Unasema Corrado ataendesha polepole. Ndiyo sababu sipandi. Mkwe wangu ni mtu mwema, lakini akishuka mlima anakaa juu ya breki kama anakanyaga zabibu. Mwambie nimesema hivyo kwa upendo.

Mimi nimebeba watu, Loredana. Karibu miaka arobaini, Roccaspina hadi Fontemurata na kurudi, theluji na jua. Nimebeba maharusi, wajawazito, kuku, daktari, na askofu mmoja aliyetapika ndani ya kofia yake. Mama yako mwenyewe nilimpata kwenye kituo, amebeba mbuzi. Sikuwahi kubebwa na mtu, na sitaanza uzeeni kuwekwa kiti cha pembeni kama gunia la viazi. Mama yako ananijua. Atangoja.

Mwambie Bice honi hupigwa kabla ya kona, si ndani ya kona. Ukiwa ndani ya kona umeshachelewa, hapo unampa mwenzako pole tu.

Na mje kwa barabara kuu ya chini. Forca haikutengenezewa gari lenye choo ndani.

Baba yako

*

Colle, 12 Agosti

Baba,

Shikamoo. Kaa kwanza. Hakuna aliyekufa.

Corrado ameanguka kutoka kwenye mtini. Mtini wenyewe si wetu. Tulisimama kupumzika kando ya ukuta, tini zimeiva mpaka zinatoa asali, akasema anachuma mbili tu. Tawi lilikuwa na maoni mengine. Mwenye mti, bibi anaitwa Ersilia, alitoka na ufagio mkononi, akamkuta mume wangu chini ameshika mkono. Akasema, "Ama kweli, siku hizi hata wezi wa tini hawana mafunzo." Halafu akamweka kivulini, akamfunga kitambaa, akapanda mwenyewe mtini kwa umri ule akatuchumia kikapu kizima. Nilitamani kumbeba niondoke naye.

Kifundo cha mkono kimevunjika, wamekifunga plasta. Kwa hiyo tangu juzi mimi ndiye ninayeendesha.

Najua sasa hivi umeivua miwani. Ivae tena.

Wewe ulininyima usukani, ukasema mguu wa mwanamke umeumbiwa cherehani. Bologna naendesha kigari changu, lakini hilo wewe hulihesabu. Sawa. Ila unakumbuka kila Jumamosi nilikaa kiti cha nyuma yako? Ulidhani naangalia milima. Nilikuwa naangalia miguu yako. Nilikuona unavyoshusha gia kabla mteremko haujaanza, basi zima linatulia na kushuka kama bibi harusi kwenye ngazi, na breki hujaigusa. Sijaona mtu mwingine akiendesha namna ile, na nimeolewa na mwanamume anayejiona dereva. Jana, kwenye mteremko wa Colle, nilifanya vile vile. Gari likatulia. Corrado akanigeukia na plasta yake, akaachia kiti alichokuwa amekishika.

Basi anayekuomba sasa si Corrado. Ni mimi. Panda na mimi, Baba, nikupeleke kwa Mama. Nijibu Sant'Elmo.

Mwanao,
Loredana

*

Sant'Elmo, 18 Agosti

Baba,

Shikamoo. Natumaini mko salama nyote wawili.

Karani wa posta ametafuta mara mbili, mpaka chini ya meza. Hakuna barua. Anasema tangu sikukuu ya Mama Maria nchi nzima imelala, hata mifuko ya barua imelala, nisivunjike moyo. Bice amemwambia, "Wewe humjui Babu." Mtoto amesema kweli.

Umekasirika. Kasirika, lakini kula.

Jana tumelala kwa wachungaji, juu kabisa, kondoo wanapumua kuta zote nne za gari. Mama mwenye zizi ametufundisha kuminya jibini ikiwa bado ya moto. Mikono yake, Baba, imepinda yote, na jibini inatoka pale duara kamili. Corrado alitaka kujaribu kwa mkono mmoja, wakamcheka mpaka akacheka na yeye. Nilifurahi, na hapo hapo moyo ukaniuma, kwa sababu nilitaka wewe uwepo uwaambie hawa wachungaji kwamba kondoo wao wanapita barabara yako bila adabu.

Nimeamua nitafika kwako kwa njia ya Forca. Nitapita kwanza kwa Mama. Ukikataa kupanda baada ya hapo, utakataa huku ukijua mtoto wako ameivuka.

Loredana wako

*

Roccaspina, 19 Agosti

(Posta ya Fontemurata, iwekwe mpaka aje mwenyewe)

Binti yangu,

Marahaba. Barua yako ya mtini imefika leo, posta ilikuwa inasherehekea. Sant'Elmo najua umeshapita, nami nakujua: umekatazwa Forca, utapita Forca. Umemrithi mama yako. Ndiyo maana naandika Fontemurata.

Sikiliza vizuri. Bice akusomee ukiwa unaendesha, usisome mwenyewe.

Kona za mwanzo ni za watoto. Penye kinu cha zamani barabara inajifanya imenyooka. Usiiamini, ukifika kwenye msalaba wa chuma uwe umeshaingiza gia ya pili, kwa sababu nyuma ya mwamba inaanguka ghafla. Kwenye misonobari maji huvuka barabara hata Agosti, kaa kushoto. Juu kabisa simama, injini ipumue na wewe upumue, uangalie pande zote mbili. Mimi nilisimama pale kila siku nikawaambia abiria ni joto la injini. Haikuwa injini. Ilikuwa ni kuangalia tu.

Kuteremka, gia ya pili, na uiache ishikilie. Ng'ombe wa Marchetti hulala penye kona ya kanisa dogo, hawaogopi kitu ila honi. Kona ya mwisho ni ya chemchemi, hapa kijijini, mbele ya bustani yetu. Ile ni mbaya. Mimi mwenyewe kila siku nilirudi nyuma mara moja ndipo nikaipata, na basi langu lilikuwa fupi kuliko hilo dubwasha lenu. Rudi nyuma, usione aibu.

Sijasema nitapanda.

Corrado apone. Tini huchumwa kwa ngazi.

Baba

*

Fontemurata, 25 Agosti

Baba yangu,

Shikamoo. Nitafika nyumbani kabla ya barua hii, maana posta inakwenda kama Corrado. Lakini naiandika kwa sababu uso kwa uso hunisikii, na ninayotaka kusema si ya kupigiwa kelele mezani.

Tulipokaribia kijiji Bice alipiga honi kabla ya kona, kama ulivyomfundisha. Tulipotokea uwanjani watu walikuwa wameshatoka. Wazee, wengi wao. Mmoja na sabuni kidevuni, mmoja amebeba kikapu. Yule wa kikapu ni Iolanda, rafiki yake Mama. Alikuja moja kwa moja dirishani, akanitazama, akasema, "Wewe si Olindo." Nikamwambia ni bintiye. "Basi shika," akasema, "jibini ya dada yangu Roccaspina, na mayai, uyaweke chini yasitikisike." Hakuniuliza kama naenda Roccaspina. Honi ile inaenda Roccaspina, wao wanajua hivyo. Baada yake akaja mwingine na viatu vya mjomba wake vilivyoshonwa, mwingine na jogoo. Jogoo, Baba. Yuko chooni sasa hivi, na Corrado amekataza mtu kumfungulia.

Niliona haya kukataa, halafu nikaona fahari. Kumbe hukuwa unaendesha basi tu. Miaka yote ile nilidhani mizigo ile miguuni mwako ni uchafu wa kazi.

Kaburi la Mama ni safi. Iolanda anamwagilia. Aliniuliza, "Mumewe anaumwa?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi amechelewa," akaendelea kumwagilia. Nimekaa na Mama peke yangu. Kuna nafasi kwenye lile benchi, mtu mmoja zaidi anaenea kabisa.

Barua yako ilikuwa posta. Bice ameshaikariri. Kesho tunavuka.

Tarehe mbili Novemba nitarudi na gari hili hili. Panda na mimi. Nakuomba hapa kwa mara ya mwisho, na mezani sitasema neno, ili tule kwa amani.

Binti yako anayekupenda,
Loredana

*

Roccaspina, 15 Oktoba

Binti yangu Loredana,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Mimi ni mzima, Zaira ni mzima, chupa za nyanya zimejaa mpaka chini ya kitanda. Nasikia Corrado ametolewa plasta. Yule jogoo amekataa kukaa kwa wenyewe, anazunguka kijiji kizima akitafuta choo chake.

Umekaa kimya kama ulivyoahidi, nami nikakaa kimya kama nilivyozoea, ikawa Septemba imekwisha. Barua yako ya Fontemurata ninayo mfukoni. Sasa nikwambie siku ile mliyofika mimi nilikuwa wapi.

Nilikuwa katikati ya nyanya, nimeipa barabara mgongo. Sikusikia kitu, unajua mwenyewe injini ilichonifanyia. Mara nikamwona Zaira ameweka kisu chini. Akajifuta mikono kwenye aproni, akatengeneza nywele, akaenda getini haraka, na Zaira siku hizi haendi haraka popote. Nikamwona Quinto anatoka baa, ameacha karata zake, mtu ambaye hakuziacha hata mke wake alipojifungua. Nikamwona yule dada yake Iolanda, mwenye kupelekewa mizigo, anatoka na kikapu kitupu. Wote wanaangalia juu, upande mmoja, na nyuso zao zimefunguka.

Uso ule naujua. Nimeuona kila siku ya kazi yangu, lakini siku zote kupitia kioo cha mbele, ukinijia mimi. Sikuwahi kusimama chini pamoja nao. Miaka yote ile nililiendesha basi la Roccaspina, na siku ile ndiyo mara ya kwanza kuliona likifika.

Nikageuka. Ukaingia kona ya chemchemi na hukurudi nyuma. Mara moja tu, ukapita, na kioo cha pembeni hakikugusa ukuta. Nilibaki na nyanya mkononi mpaka ikapasuka.

Unakumbuka nilichokwambia uliposhuka. Nilikwambia gurudumu la nyuma kushoto lina upepo mdogo. Lilikuwa na upepo mdogo kweli. Bice alinikasirikia, Zaira alininyima kahawa, na walikuwa na haki yao. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na ulikuwa bado hujaegesha.

Sasa sikiliza. Zaira ameotesha maua meupe ya marehemu, mtungi mkubwa, mazuri sana mwaka huu. Ni mzigo wa Fontemurata, wa mama yako. Nimeupima. Chini hauwezi kukaa, kwenye kona za kinu utapinduka. Nyuma kwenye vitanda vyenu ndiyo kabisa. Itabidi mtu akae kiti cha mbele aupakate njia nzima, na awe mtu anayeijua barabara, ajue upande wa kuegemea kabla kona haijafika. Zaira ana mgongo mbovu. Mtoto ana honi yake.

Nimetafuta kijiji kizima, mtu mwingine hakuna. Basi nitaupakata mimi.

Njoo tarehe moja jioni, tuondoke mapema. Upepo wa gurudumu nitaangalia mwenyewe. Na juu kabisa, pale Forca, usimame kidogo, injini ipumue.

Baba yako,
Olindo