Bielle ya Jeep ya Komanda

Jumatatu, 12 Machi 2001

Jeep imerudi leo gerejini kwangu, hapa Mususa. Si ya mfanyabiashara Kasika tena — komanda wa askari walioko Beni aliichukua mwezi uliopita, pamoja na dereva wa Kasika. Dereva ni Élisée, mtoto wa dada yangu Séphora. Moteur hiyo, injini ya mazout, yaani dizeli, ni kuukuu, lakini niliifunga mwenyewe, kwa boulons mpya, bolti za dukani. Sasa inagonga. Nguvu hakuna.

Élisée ameninong'oneza: mto wa njia ya Oicha ulifurika, yeye akakataa, komanda akaamuru aingie. Moteur ikavuta maji kwenye filtre ya hewa, ikazima katikati. Wakaikokota hadi ng'ambo. Halafu kama kawaida yetu — gari haliwaki? Sukuma mteremkoni, vitesse ya pili, gia iingie! Na maji bado yamo kwenye silinda. Maji hayabanwi kama hewa. Kilichopinda ni bielle, ule mkono unaoshika pistoni.

Nimemwambia komanda jeep isitoke, lazima nifungue. Akasema:

"Tunaenda Beni leo. Funga capot."

Nimefunga kifuniko cha moteur, wameondoka.

Jumatano, 14 Machi

Bielle imekatika mlimani, kabla ya kufika Beni. Imetoboa block ya moteur, mafuta yote yamemwagika njiani. Si nilisema!

Séphora amekuja analia. Élisée amefungwa kamba, wanasema ameua moteur makusudi, anatumikia adui. Chakula kimenishinda. Ninawachukia watu hawa.

Ijumaa, 16 Machi

Wamenileta Beni, kambini kwao, mtaa wa Beu. Bielle iko mezani. Ilipinda kabla ya kukatika, hata kipofu angejua kwa vidole. Komanda akauliza mbele ya askari wake:

"Ni chauffeur, ao ni mécanicien? Sema moja."

Dereva au fundi, basi. Mto hautajwi. Amri yake haitajwi. Élisée alikuwa amepiga magoti, mdomo umevimba. Na mimi ni mjomba wake, ningefanya nini? Nikasema ni mimi. Nilirudisha boulons za zamani, zikalegea.

Uongo mtupu. Boulons zenyewe zilikuwa pale pale mezani, zimekazwa vizuri.

Komanda akamgeukia Élisée. Nilitegemea anyamaze tu, basi. Akasema:

"Njo vile, mon commandant. Nilimuambiaka: mujomba, hizi boulons ni za zamani. Akakatala kunisikia."

Hakuna aliyemuomba aongeze hayo! Yameniuma kuliko kofi nililopigwa baadaye.

Jumamosi, 17 Machi

Wamemfungua. Wamempa bunduki, ndiye anayelinda mlango wa chumba nilichofungiwa. Komanda ataamua juu yangu akirudi, hakuna anayesema lini.

Nimemwita kwa jina. Nimemwomba amjulishe mama yake kwamba bado niko hai. Amejibu bila kugeuka:

"Muzee, hapana ruhusa ya kusema na wewe."