Gitaa la Marehemu Kaburu

Karurumo,
Jumanne, 15 Julai 2025.

Mpendwa dada yangu Ciakuthii, Mama Kiambi,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta ukiwa na nguvu, na kwamba goti lako la kushoto limepata nafuu licha ya baridi ya huko Meru. Mimi ni mzima. Kahawa imebeba kidogo mwaka huu, ng'ombe amezaa ndume, na paa la jikoni bado linavuja pale pale ulipopaona wakati wa Pasaka. Kwa yote hayo namshukuru Mungu, ingawa kwa hilo la paa shukrani yangu ni fupi.

Kiambi alipita hapa wiki iliyopita akanifikishia malalamiko yako. Umesema kwamba unapopiga simu ama sipokei, ama napokea na kusema "Amina, ubarikiwe" kisha nakata kabla hujafika nusu ya maneno yako. Umesema kwamba hata karani wa chifu hupokea simu kwa adabu kuliko mimi. Malalamiko hayo nimeyapokea, na juu ya simu nitakujibu. Lakini niruhusu kwanza nikueleze habari za gitaa, kwa maana ndilo unaloliulizia kila mara, na ndilo lililonichosha mwaka huu kuliko shamba na uzee vikiwekwa pamoja.

Ulipotoa sadaka ile mwezi wa Januari ili kanisa letu lipate gitaa la besi kwa ukumbusho wa mume wako, uliagiza mambo mawili: liwe bora kuliko yote yanayopatikana, na lichaguliwe kwa masikio yangu, kwa sababu mimi na Kaburu tuliimba sauti ya nne kwenye benchi moja tangu alipoletwa hapa kufundisha hadi alipostaafu mkahamia kwao. Nilidhani kazi hiyo ingechukua wiki mbili. Sikujua kwamba kuchagua gitaa kunahitaji subira kuliko kuchagua askofu.

Tulimpata fundi, Mugambi wa Makutano, ambaye karakana yake haiko mbali na duka lako. Huyu hutengeneza magitaa manne tu kwa mwaka, kwa mikono yake, na wako watu wa ng'ambo wanaongoja zamu. Nilimwandikia kwamba tunataka gitaa moja zuri la nyuzi tano. Alinijibu kwa maswali kumi na saba. Alitaka kujua upana wa kiganja cha mpigaji, uzito ambao bega lake linaweza kustahimili kwa ibada ya saa tatu, kama shingo iwe ya kipande kimoja cha mti au vitano vilivyogundishwa, kama mwili uwe wa muringa au wa mti mwepesi zaidi, na kama kanisa letu lina dari au ni mabati matupu. Nikamwambia Mwalimu Ireri, katibu wetu, kwamba mimi nilibatizwa na kuoa bila kuulizwa maswali mengi kiasi hicho.

Kamati nayo ikaongeza mzigo. Mwalimu Ireri alishikilia kwamba sauti za kwaya ni nne, kwa hiyo nyuzi ziwe nne, na kwamba uzi wa tano hauna mahali katika utaratibu wa uimbaji tuliorithi. Ilinibidi nimweleze kwamba uzi wa tano ni wa kushuka chini zaidi ya zile nne, wala si fundisho jipya. Runji, mwakilishi wa vijana, anayefanya kazi mjini na kukaa mtaa wa Majimbo, alituletea picha katika simu yake za gitaa la rangi ya zambarau lenye taa ndogo shingoni. Nilimuuliza taa hizo ni za nini. Akasema, "Za kuonekana, mzee." Mama Karwirwa wa umoja wa akina mama hakujali mti wala nyuzi. Alitaka tu kujua kama fundi angeweza kutupa vipimo mapema, ili akina mama washone kitambaa cha kulifunika, kama vile vya kochi, cheupe chenye maua pembeni. Dada yangu, kitambaa hicho kilikula mkutano mzima. Maua ya pembeni yalipigiwa kura.

Mpigaji wetu ni Wawira, binti wa marehemu Kivuti, mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu. Yeye peke yake hakuulizwa neno na mtu yeyote. Alikaa karibu na mlango mikutano yote, mikono mapajani.

Hatimaye Mugambi akasema kwamba anayo magitaa mawili aliyoyamaliza, na kwamba yuko tayari kuyaleta Karurumo tuyasikie. Aliyaleta Alhamisi moja ya mwezi wa Juni, saa nane mchana. Nami, kwa kuchoshwa na mabishano ya rangi na maua, nikaagiza leso mbili zitundikwe kwenye kamba mbele ya madhabahu, Wawira akae nyuma yake na kupiga moja baada ya jingine, ili tuhukumu kwa masikio na wala si kwa macho. Watu walisifu hekima hiyo. Mimi pia niliisifu.

Nikaketi benchi la mbele, nikafumba macho kama nifanyavyo siku zote, na kila mtu akanyamaza. Gitaa la kwanza likapigwa. Kisha la pili. Nilipoona muda wa kutosha umepita nikasimama na kutoa hukumu. Nilisema kwamba la kwanza lina sauti nzito isiyo na adabu, kama mtu mwenye mafua anayeomba kwa sauti kubwa ili asikike. Lakini la pili, nikasema, ni nyenyekevu, halimsukumi mwimbaji, linakaa chini ya wimbo kama msingi unavyokaa chini ya nyumba. Nilizungumza kwa dakika nyingi. Kisha nikaomba na kufunga mkutano, na unaijua desturi ya kanisa letu: mwenyekiti akishaomba, hakuna anenaye tena. Mwalimu Ireri akaandika katika kumbukumbu kwamba limechaguliwa la pili. Mugambi alinijia akasema jambo huku akionyesha ukutani. Nikamshika mkono nikamwambia, "Amina."

Siku ya Jumamosi Wawira alinikuta shambani nikipalilia kahawa. Alisema maneno fulani, nami nikamjibu kwamba ni kweli, mvua imekawia. Akanitazama. Akasema tena, nami nikamwambia awasalimu nyumbani. Basi akatoa kalamu mfukoni, akaandika nyuma ya karatasi ya matangazo ya Jumapili, akanipa kwa mikono miwili, kama anayetoa sadaka. Karatasi hiyo ninayo hapa. Imeandikwa hivi, akiniita babu kwa lugha ya kwetu: "Guka, gitaa la pili halikulia. Stima ilipotea nilipomaliza la kwanza. Nilikuwa bado nangoja irudi uliposimama."

Ciakuthii, nililisifu gitaa ambalo halikutoa sauti. Nililiita nyenyekevu. Watu kumi na mmoja walikuwa ndani ya kanisa lile, wote waliona taa ya spika imezimika, wote walisikia kimya, na hakuna hata mmoja aliyenena, kwa sababu mzee alikuwa amefumba macho, kisha mzee alikuwa amesema, kisha mzee alikuwa ameomba. Kwa miezi mitano nilikuwa nimewakasirikia kwa ukaidi wao, kumbe kosa lao lilikuwa ni kunitii.

Sasa waweza kuelewa habari za simu. Sisikii, dada yangu. Ilianza miaka mitatu iliyopita. Sauti za wanawake ziliondoka kwanza, nikadhani kwaya imelegea, nikawakemea bila kosa. Kisha wakaondoka ndege, kisha mvua juu ya mabati. Daktari wa Embu aliniandikia vifaa vya kuvaa masikioni. Nikaikunja karatasi yake nikaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo, kwa kuwa niliona aibu kwamba mtu aliyefundisha nota za do re mi vizazi viwili asimame mbele ya watu akiwa na kitu kama kifungo sikioni. Tangu mama watoto alipotutoka hapakuwa na mtu wa kunigundua nyumbani. Nilijifunza kutazama midomo, na pale nisipoweza, kusema Amina. Ni neno linalofaa karibu kila mahali.

Wawira hakunicheka. Alinisihi, kwa kuandika, twende Makutano tukasikilize upya. Nikamwuliza nitasikiliza kwa nini. Akaandika: "Kwa mkono."

Tulikwenda Jumatatu iliyopita. Mugambi alituweka katika karakana yake, katikati ya maranda ya mbao, nami nikamwomba msamaha, naye akawa mwungwana, akaandika kwenye ubao kwa chaki kwamba hata yeye alikosa ujasiri wa kuniambia mara ya pili. Wawira akaketi na gitaa la kwanza, lile nililolitukana. Ni la muringa, rangi ya mti wenyewe, halina taa wala zambarau. Akaniambia niweke kiganja mgongoni mwa gitaa. Akapiga uzi wa tano peke yake, ule wa chini kabisa.

Mtetemo uliingia mkononi, ukapanda hadi kwenye kiwiko, ukafika kifuani. Nilikuwa nimeketi namna hiyo zamani, bega langu likiwa limegusana na bega la Kaburu pale benchini, na aliposhuka kwenye noti ya mwisho niliipata kupitia koti lake kabla haijafika masikioni. Nililia mbele ya fundi na mbele ya binti wa umri wa mjukuu wangu. Waliponigusisha la pili ulikuwa mtetemo mwembamba, uliokatika upesi. Nikamwambia Wawira achague yeye, kwa kuwa bega ni lake na mikono ni yake. Alichagua la kwanza bila kufikiri. Akaandika kwamba alilijua tangu Alhamisi ile, na kwamba tangu Januari alikuwa akingoja mtu amwulize.

Ningependa kuimalizia barua hapa, na nilipoianza nilikusudia hivyo. Lakini iko karatasi bado, na liko jambo moja ambalo limekuwa likiniamsha.

Unaikumbuka siku ile ya Septemba, Kaburu akiwa hospitalini, uliponipigia simu ukasema maneno ambayo nilibahatisha maana yake, kisha ukamwekea simu ile sikioni. Uliniambia baadaye kwamba ulitoka nje ya wadi ili wanaume wawili waagane peke yao. Alisema nami kwa muda. Nilijua anasema, kwa sababu nilihisi pumzi yake ikigonga simu. Niliibandika kwenye sikio moja, kisha jingine, nikaibonyeza mpaka ikaniumiza. Sikupata hata neno moja. Nikasema, "Amina, ndugu yangu, nimesikia." Siku ya pili yake alifariki.

Nawe siku ya mazishi uliniuliza alisema nini. Watoto walikuwa wamesimama karibu nawe, wote wakinitazama. Nikakuambia kwamba aliomba kanisa la Karurumo lisikose sauti ya chini atakapokuwa hayupo. Hakusema hivyo, Ciakuthii. Au labda alisema. Hakuna mtu duniani ajuaye. Maneno yale niliyatunga mimi, nikiwa nimevaa kanzu ya kuongozea ibada. Na juu ya maneno yale ndipo ulipotoa sadaka yako, na fundi akateseka, na kitambaa kikapigiwa kura. Maneno ya mwisho ya mume wako uliyaweka mkononi mwangu, nami sikuyapokea, kisha nikakupa ya kwangu badala yake.

Kwa muda wa miezi sita nimekasirishwa na Ireri kwa nyuzi zake nne, na Runji kwa taa zake, na Karwirwa kwa maua yake. Hakuna aliyekosa. Kila walipokuwa wakibishana juu ya gitaa hilo niliwatamani wakome, kwa sababu mimi peke yangu ndani ya chumba nilijua kwamba halikuombwa.

Gitaa lingali Makutano. Nimemwambia Mugambi asilitoe mpaka wewe uende mwenyewe useme liende wapi. Ukitaka sadaka yako irudi, itarudi, nami nitasimama mbele ya ushirika wote nieleze sababu. Kuhusu masikio tayari nimewaambia. Jumapili nilikivaa kimoja cha vile vifaa, ambavyo hatimaye nimevinunua, na watoto walinitazama kuliko walivyoitazama Biblia. Lakini kabla hujaamua, mwombe fundi alilaze gitaa hilo mapajani mwako apige ule uzi wa tano. Weka kiganja mgongoni mwa gitaa. Sikuambii kwamba ni Kaburu. Nimekwisha kukuambia vya kutosha visivyokuwa vyangu kusema.

Wasalimu Kiambi na nyumba yake yote, na binti yako Kendi, na majirani wanaonikumbuka kwa heri au kwa shari. Hapa kwetu akina mama wanakuombea, na Wawira anakuamkia kwa heshima.

Nakuomba usinipigie simu. Niandikie, au njoo uketi mbele yangu penye mwanga, useme polepole. Hata kama ni kunigombeza, safari hii nataka kulipata kila neno.

Ndimi kaka yako anayekuomba msamaha,
Mzee Ezekieli Rwamba.