Kalenda Iliyoficha Tundu

Shambani, 9 Aprili

Kwa mdogo wangu Taras,

Nina miaka themanini na mbili. Nimemzika baba, kaka zetu watatu na mke wangu Paraska. Matrekta manne yamekufa nikiwa hai, na pia yule daktari aliyenikataza mafuta ya nguruwe. Kwa hiyo ukiuliza hali yangu, ndiyo hiyo. Wewe je, goti limetulia? Na shemeji, bado anakohoa? Huku theluji inayeyuka, barabara ni matope matupu. Mwandiko wangu wa darasa la nne utauvumilia kama siku zote.

Kwenye simu uliniuliza kwa nini binti yangu Halyna anasema atampeleka mwanawe Larysa akalelewe kwenye nyumba ya watoto jijini Regina. Sikukujibu, nikakwambia supu inachemka. Haikuwa inachemka.

Unajua Larysa ana usonji, na sasa ana miaka tisa. Mama yake anafanya kazi jikoni kwenye hospitali ya mjini. Serikali ya mkoa ilikuwa inamlipa mama mmoja, Doreen, akae na mtoto saa ishirini kwa wiki. Mimi nilisema hatumhitaji, nimelea wanne bila mtu wa serikali. Doreen akanijibu kwamba hao wanne aliwalea Paraska, mimi nilikuwa kwenye trekta. Ana mdomo, huyo mama.

Januari ofisi ya mkoa ikatuma mtu aje kupima kama bado tunahitaji msaada. Halyna alikuwa na daftari jeusi, tangu vuli anaandika kila siku mbaya: mtoto kaumia wapi, hakulala saa ngapi, katorokea wapi. Akaniambia, baba, huyu haji kusikia mtoto akisifiwa, anakuja kuona tunavyoelemewa, usimpambie kitu. Nikamwambia hakuna aliyewahi kuingia nyumba hii akatukuta tumeelemewa. Hata padri akija na maji ya baraka, anakuta sakafu safi hata ungeweza kulia chakula juu yake. Akasema huyu si padri.

Siku yenyewe theluji ikafunga barabara ya mjini, Halyna akakwama kazini. Mgeni akatokea upande wa pili, msichana tu, anaitwa Kirsten. Mimi nilishajiandaa kama kwa padri. Nilipiga deki. Nilimvalisha Larysa blauzi iliyotariziwa, nikamchana nywele akiwa na kopo lake la vifungo. Niliyang'oa makomeo tuliyofunga juu kabisa ya milango. Kwenye korido kuna tundu ukutani, ndipo anapopiga kichwa akikasirika. Nikatundika pale kalenda ya kanisa.

Kirsten akala pirogi, vile vitumbua vya unga vyenye viazi ndani, nikamwongeza, akala tena. Treni ya ngano ikapita, Larysa akahesabu mabehewa dirishani mpaka mia moja na nne bila kukosea. Nikasema nimemfundisha mimi. Aliuliza kama analala, nikasema kama gogo. Kama anatoroka, nikasema aende wapi, shamba lote hili ni letu. Akaandika. Akaniambia, mzee, mna bahati. Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Barua ikaja: saa nne kwa wiki, badala ya ishirini. Halyna aliisoma amesimama, kisha akakaa na koti lake mwilini mpaka chakula kikapoa. Akapunguza zamu. Akawa analala sakafuni mbele ya mlango wa mtoto. Alikata rufaa, lakini daftari lilikuwa halionekani tangu siku ile, na bila daftari hakuwa na cha kuonyesha. Alijilaumu sana kwa kulipoteza. Machi ndipo akajaza fomu za ile nyumba ya Regina, mwendo wa saa tatu na nusu kwa gari.

Wiki mbili zilizopita, mchana, Halyna kasinzia, mimi ndiye mlinzi. Nikafumba macho kidogo. Kufumbua, mlango uko wazi, na Larysa yuko katikati ya bwawa la kunyweshea ng'ombe, juu ya barafu ya Machi. Nilimwita, hageuki. Unajua akiitwa jina haitiki. Kumfuata siwezi, mimi ni kilo mia, tungezama wote. Nikakumbuka Doreen anavyofanya. Nikaanza kuhesabu mabehewa kwa sauti, na treni hakuna. Nilipofika kumi na tisa, kwa woga nikasema ishirini na moja. Akasimama. Akageuka, akarudi hatua kwa hatua mpaka ukingoni, akaniambia, ishirini.

Sasa nikueleze, Taras, na usinicheke. Kuhesabu hakufundishwa na mimi. Doreen alikaa naye dirishani miezi minane. Na daftari halikupotea. Kirsten aliuliza kama kuna kumbukumbu zilizoandikwa, nikasema hakuna. Nilikuwa nimelificha asubuhi ile kwenye pipa la viazi. Sikutaka mgeni asome kwamba mjukuu wangu anapiga kichwa ukutani. Miezi miwili nikala viazi vya pipa lile, nikimwangalia mwanangu akipekua kabati.

Jioni ile ya bwawa nililitoa, nikaliweka mezani. Halyna hakunifokea. Alipangusa udongo kwenye jalada, akafungua ukurasa mtupu, akanipa kalamu. Akasema, andika ya leo, baba, kwa mkono wako, na usipambe.

Nimeandika mistari mitano. Hakuna hata mmoja unaonisifu. Rufaa inasikilizwa Alhamisi, na Kirsten anakuja tena nyumbani. Makomeo yamerudi. Kalenda nimeitundika jikoni. Fomu za Regina bado ziko mezani, Halyna hajazituma wala hajazichana.

Msalimie shemeji, anywe maziwa ya moto na asali. Ukihisi nimeongeza chumvi, muulize Halyna kuhusu daftari, na Doreen kuhusu dirisha. Ya bwawani anayajua Larysa peke yake. Mpigie simu, umhesabie vibaya, utamsikia.

Kaka yako mkubwa,
Dmytro